Macho ya Chiriku

Shuleni, 4 Machi

Kwako Mzazi,

Shikamoo. Hunijui, na unisamehe kwa kukuandikia bila kutambulishwa na mtu. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi wa kidato cha kwanza, darasa la binti yako. Nilimwendea mama yake kwanza, nikamkuta kainamia cherehani, akaniambia bila kuinua uso, "Mambo ya sayansi muulize baba yake. Huyo ndiye aliyemjaza kichwa." Akanipa anwani ya kambi yenu ya ujenzi wa daraja, akasema huko simu hazishiki, na barua huletwa na gari la vipuri.

Sayansi ya kidato cha kwanza ni fizikia, kemia na baiolojia zimekorogwa sufuria moja. Mimi nimesomea kemia, hayo mengine najifunza ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi. Lakini zoezi lililotukosanisha ni la kemia, na ni jepesi kuliko yote niliyonayo. Mwanafunzi anapewa vichupa vitatu: cha siki, cha maji safi na cha maji ya sabuni. Anadondoshea dawa ya kupimia asidi, na dawa inabadilika rangi. Kwenye siki inakuwa nyekundu, kwenye maji safi inakuwa ya kijani, kwenye sabuni inaelekea buluu. Darasa zima walipata. Binti yako aliandika kwamba siki ni "kahawia" na maji safi ni "kahawia pia, ila imepauka". Nikamwambia arudie. Akarudia, akaandika vile vile. Wenzake walianza kucheka, nikaona ananifanyia mzaha. Nikampa sifuri na kumtoa nje.

Tangu siku hiyo haingii maabara. Anasimama mlangoni na daftari kifuani, ukimwita anatikisa kichwa tu. Walimu wengine wote wanamsifu. Mimi nimebaki sielewi kama ni kiburi, ni hofu, au ni jambo la nyumbani. Kama kuna unachokijua ambacho mimi sikijui, naomba uniambie.

Wako,
Mwalimu wa Sayansi


Kambini, 15 Machi

Kwako Mwalimu,

Marahaba. Barua yako niliianza nikiwa juu kwenye kibanda cha kreni, nikaona nitamwangushia mtu chuma, nikashuka nikaisomea chini.

Unaniambia mtoto wangu anatikisa kichwa tu? Mwalimu, huyo tunamwita Chiriku. Alianza kusema kabla ya kutambaa, na tangu hapo hajapumzika. Likizo akija kunitembelea huku, mimi hupitiwa na usingizi nikiwa bado namjibu. Kwa nini kreni haipinduki? Kwa nini mnyororo haukatiki? Kwa nini upepo unasukuma mzigo ukiwa juu na hausukumi ukiwa chini? Nisilolijua huwa namwambia turudi nyuma hatua moja moja mpaka tuone tulipokwama. Basi kama Chiriku amenyamaza, jambo ni zito, na haliko kwake. Liko huko kwenu.

La pili, Chiriku hasemi uongo. Akiandika kahawia, ni kahawia. Umevikagua vichupa vyako? Nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote, najua watu wanavyobandika lebo huku wanapiga soga. Au dawa yenyewe imeharibika. Dawa huharibika.

Umeuliza habari za nyumbani. Nyumbani hakuna neno. Mama yake anashona, mimi nainua vyuma, na tunapendana kama watu wanaoonana mara chache kwa mwaka, yaani sana.

Mrudishe maabara, umpe vichupa vipya. Na sifuri yetu uifute. Nasema yetu kwa sababu hata mimi imenipata.

Ni mimi,
Baba yake, dereva wa kreni


Shuleni, 29 Machi

Kwako Mzazi,

Shikamoo tena. Nimeosha vichupa mwenyewe, nimefungua dawa mpya, nimembembeleza hadi akaingia. Akaandika kahawia na kahawia.

Safari hii sikumfokea, maana nilimtazama usoni na alikuwa anatoka jasho. Kuna mwenzangu anayefundisha baiolojia madarasa ya juu. Alikuwa anapita, akaichukua karatasi ya binti yako, akaisoma. Kisha akatoa kalamu za rangi kwenye mkoba wake, akamwambia, "Nipangie zinazofanana." Chiriku (naomba nami nimwite hivyo) akaweka ya kijani pamoja na ya kahawia, na nyekundu ya kukolea akaiweka karibu nazo. Alipanga haraka, bila kusita, kama mtu anayepanga vijiko na vijiko.

Kwa ruhusa ya mama yake tulimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari ana kitabu ambacho kila ukurasa umejaa nukta za rangi, na katikati ya nukta kuna namba iliyochorwa kwa nukta za rangi nyingine. Mimi niliziona namba zote. Binti yako aliona nukta tu. Akageuka akaniuliza, "Mwalimu, kweli kuna namba hapo, au mnanitania?"

Anao upofu wa rangi. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe. Macho yake ni makali, ila nyekundu na kijani kwake zinakaribiana sana. Hakuwa ananifanyia mzaha hata kidogo. Alikuwa anaandika alichokiona, ndicho nilichomfundisha afanye, na mimi nikamtoa nje kwa hilo. Nimemwomba radhi mbele ya darasa, na sifuri nimeifuta.

Zoezi nalo nimelibadili. Tulikamulia kitunguu kwenye vitambaa, tukavidondoshea maji ya kila kichupa. Harufu ya kitunguu hubaki kwenye maji safi na kwenye siki, na siki huongeza ukali wake yenyewe, lakini kwenye maji ya sabuni ya magadi hufifia mpaka kupotea. Darasa zima walikuwa wananusa huku machozi yanawatoka. Chiriku alipata vyote, na alikuwa wa kwanza kumaliza. Maneno yake yamerudi, na wenzangu wameanza kunilaumu kwa hilo.

Limebaki swali moja. Mwenzangu anasema upofu huu hurithiwa. Mvulana huweza kuupata kwa mama peke yake, ndiyo maana wavulana walio nao si wachache. Msichana ni lazima aupate pande zote mbili: mama awe ameubeba bila kuonekana, na baba awe nao mwenyewe. Daktari anataka kuandika kwenye kumbukumbu zake. Je, wewe mzazi unao?

Wako,
Mwalimu wa Sayansi


Kambini, 9 Aprili

Kwako Mwalimu,

Marahaba, na ahsante kwa kitunguu. Nimewasimulia wenzangu kambini, wamecheka mpaka mpishi akatoka kuuliza kuna nini.

Kuomba radhi mbele ya watoto si kazi ndogo. Nakuheshimu kwa hilo.

Kuhusu macho yangu, yako kama yalivyotoka kiwandani. Kampuni hutupima kila mwaka. Ukutani hubandikwa karatasi ya herufi, juu zimeandikwa kubwa kama matofali, chini ndogo kama sisimizi. Wenzangu wengi huishia katikati. Mimi husoma zote, na nikimaliza huwasomea na jina la waliochapa karatasi. Rangi nazo nazijua tangu utotoni. Damu nyekundu, majani kijani, nani asiyejua hayo?

Kwa hiyo mwandikie daktari: baba hana. Hicho kitu Chiriku atakuwa amekitoa kwingine. Nimemwandikia na yeye mwenyewe asiwe na wasiwasi, baba yake anaona mpaka ng'ambo ya mto.

Ni mimi,
Baba yake


Nyumbani, 3 Mei

Mwalimu,

Salamu sina. Zilikuwepo, zimeniishia.

Jana mwanangu alirudi kutoka shuleni kwako, akasimama mbele ya cherehani na begi lake bado mgongoni. Akaniuliza, "Mama, baba yangu ni nani?" Nikaona ni zile hadithi zake. Nikamwambia, "Ni yule yule aliyekununulia hilo begi." Akasema, "Nauliza baba wa kweli." Nilijichoma sindano, na mimi sijajichoma sindano tangu nilipokuwa mwanagenzi.

Kwa maelezo yake, mlikuwa kwenye somo la kurithi. Wewe ukawachorea duara na mishale ubaoni. Yeye akanyoosha mkono akauliza kama msichana anaweza kuwa na upofu wa rangi na baba yake asiwe nao. Nawe ukamjibu, "Kwa mujibu wa kitabu, haiwezekani." Mtoto akakaa. Na baba yake alikwisha kumwandikia kwamba yeye hana. Wewe barua yake unayo, ulijua, ukamjibu vile vile!

Sasa nisikilize. Huyu mtoto nilimzaa mimi. Nilikuwepo siku anazaliwa, na nilikuwepo siku ile nyingine pia. Kitabu chako hakikuwepo. Katika maisha yangu nimejua mwanamume mmoja, na ndiye huyo aliyeko huko juu kwenye vyuma. Leo nimekaa kwenye meza yangu na mtoto wangu ananitazama kama ananipima kiuno.

Siwezi kumwambia amekosea, maana hajakosea kwa alichofundishwa. Siwezi kumwambia wewe ni mwongo, maana anakupenda. Nibaki nimesema nini? Na ameandika barua kwa baba yake, ameitia posta mwenyewe kabla sijamzuia.

Umeingia nyumbani kwangu kwa viatu, mwalimu. Njoo utoke navyo.

Mama yake


Nyumbani, 2 Mei

Kwako,

Nimekaa hapa muda mrefu nikitafuta la kuandika hapo juu baada ya "Kwako", nimeacha wazi.

Shikamoo. Mimi sijambo. Mama hajambo lakini anashona mikunjo inapinda.

Ulinifundisha nikikwama nirudi nyuma hatua moja moja. Nimefanya hivyo. Hatua ya kwanza, mimi nina upofu wa rangi, na daktari ameona. Hatua ya pili, msichana hawezi kuwa nao kama baba yake hana. Nimemuuliza mwalimu, nikaenda maktaba nikasoma mwenyewe, nikamuuliza na yule mwalimu wa baiolojia bila kumwambia ni kwa ajili yangu. Wote wamesema neno moja. Hatua ya tatu, wewe huna. Umeniandikia mwenyewe, na wewe huniambii uongo.

Nimetafuta kosa kwenye hatua zote, sijaliona. Naomba unitafutie wewe. Wewe huwa unaliona.

Kama hakuna kosa, bado naomba niruhusiwe kuja likizo. Sitauliza maswali mengi.

Chiriku


Kambini, 16 Mei

Kwako Mwalimu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza popote.

Nimepata barua ya Chiriku. Mama yake naye ameniandikia, mistari michache, wa mwisho unasema, "Uamue unavyoona." Niamue nini? Mke wangu nimemwamini tangu siku ya kwanza na sitaki kufikiria lingine. Lakini mawazo hayaombi ruhusa, mwalimu. Jana nimejikuta nahesabu miezi kwa vidole nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nikajizaba kofi. Wenzangu wakadhani ni mbu.

Chiriku ana kidole gumba changu. Hiki kilichopinda nje kama mpini wa kikombe, baba yangu alikuwa nacho, mimi ninacho, yeye anacho. Sayansi yenu inasemaje kuhusu kidole gumba? Nielekeze, maana mimi nimerudi nyuma hatua moja moja kama nilivyomfundisha, na kila nikirudi nafika pale pale. Daktari hakukosea. Kitabu hakikukosea. Mimi naona vizuri. Mke wangu si mtu wa hivyo. Haya manne hayakai chumba kimoja, na hakuna ninaloweza kulitoa nje.

Na kazini nako kumenigeuka. Zamani kwenye mlingoti kulikuwa na taa mbili. Ya juu ikiwaka unasimama, ya chini ikiwaka unainua. Mwezi huu wameleta za kisasa, taa moja tu, eti yenyewe ndiyo inabadilika, nyekundu au kijani. Juzi niliinua furushi la nondo. Nikasikia watu wanapiga kelele. Kumbe mfunga mizigo bado yuko chini, mkono uko kwenye mnyororo. Akaruka. Ncha ya nondo moja ikampitia kichwani, kofia ya kazi ikapasuka vipande viwili. Yeye hakutoka damu. Alikaa chini kwenye mchanga akawa anaitazama ile kofia.

Wote waliokuwepo wanasema taa ilikuwa nyekundu. Mimi niliiona kijani, mwalimu. Naapa niliiona kijani. Msimamizi aliniambia nipulize pumzi aninuse, kama mlevi. Mimi sinywi hata soda. Sasa wamenishusha kwenye kreni mpaka uchunguzi uishe, nashinda nafagia stoo.

Nyumbani naambiwa binti yangu si wangu, kazini naambiwa kijani si kijani. Nimeanza kujiuliza kama ni dunia imeharibika au ni mimi. Wewe ndiye uliyeanzisha maswali haya. Nisaidie.

Baba yake, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo


Shuleni, 24 Mei

Kwako Mzazi,

Shikamoo. Tafadhali isome barua hii ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho.

Ulipoandika mwezi wa nne kwamba huna upofu huu, nilielewa maana yake siku ile ile, nikaogopa, nikanyamaza. Nilijiambia si kazi yangu. Halafu Chiriku akaniuliza darasani, mimi nikiwa na chaki mkononi na watoto wote wananitazama, nikajibu kama kitabu kilivyosema. Ningeweza kusema, "Swali zuri, tuonane baadaye." Ningeweza kusema chochote. Mke wako aliponiandikia nilimwendea, nikasimama mlangoni kwake, hakunikaribisha, nikarudi nilikotoka.

Barua yako imefika leo asubuhi. Mke wako naye alikuwa hapa ofisini, futi ya kupimia imening'inia shingoni, amekuja kumhamisha Chiriku shule. Nikamwomba nimsomee kipande kimoja. Nikamsomea pale unapoeleza habari za ile taa ya kreni. Nilipofika "niliiona kijani", niliacha kusoma. Nikamuuliza, "Mama, mume wako huchaguaje nguo?"

"Hachagui. Mimi ndiye ninayemchagulia."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane. Siku ya harusi alikuja na soksi moja ya kijani, nyingine ya kahawia. Nilijua ni woga."

"Na baada ya hapo?"

Akaanza kujibu, akaacha. Nikamwona anakumbuka. Akasema, "Nikimtuma uzi wa kijani ananiletea wowote. Nikimwonyesha nyanya zilizoiva shambani anaziminya kwanza kwa vidole. Siku zote anaminya. Miaka yote hii nimemwona hajali, mimi fundi nimeolewa na mtu asiyejali rangi." Halafu akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, akajifunika uso kwa ile futi. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Mzazi, zile herufi za ukutani ni nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Zinapima ukali wa macho, na wako ni mkali kweli. Rangi hazipimi. Ukisema damu ni nyekundu na majani ni kijani, unasema ulichoambiwa ukiwa mdogo, kama sote tulivyoambiwa. Unachokiona wewe mwenyewe hukuwahi kuulizwa. Taa za zamani ulikuwa unazijua kwa mahali zilipo. Hii mpya haina juu wala chini.

Naamini hukudanganya, na mke wako hakukukosea, na kitabu kilisema kweli. Kilichokosewa ni swali langu. Nilikuuliza kama unao, kumbe mtu aliye nao hana namna ya kujua mpaka apimwe. Kwa Chiriku nilitumia kitabu cha nukta. Kwako nilitumia neno lako.

Mwenzangu wa baiolojia anasema tusishangilie kabla ya kipimo, na ana haki. Nenda kwa daktari wa macho, mwambie unataka kitabu cha nukta. Najua ninachokuomba. Ukiziona namba, sijui tutasema nini tena. Usipoziona, sidhani kama watakurudisha kwenye kile kibanda, na najua unakipenda. Nimeiacha kalamu chini mara kadhaa nilipofika hapa. Lakini nikamfikiria yule mtu aliyekaa kwenye mchanga na kofia yake. Usipande kabla hujapimwa, hata wakikuruhusu.

Chiriku sijamwambia. Mama yake amesema hilo ni lako.

Wako,
Mwalimu wa Sayansi


Kambini, 12 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Wewe uliacha wazi hapo juu, mimi nimejaza. Nijibu ukiwa umejaza na wewe.

Kosa uliloniomba nitafute nimelipata. Liko hatua ya tatu. Uliandika kwamba mimi sikuambii uongo, na ni kweli, lakini mtu anaweza kusema lisilo kweli bila kudanganya, kama hajui. Hilo hatukuwahi kulifundishana. Liongeze kwenye zile hatua.

Nilipanda gari la vipuri mpaka mjini. Nilikaa kwenye benchi la daktari nikiwa nimevaa shati safi kama naenda kuposa. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikupata usingizi, na sitakuficha, nilikuwa natamani nisione kitu. Mtu anakwenda kupimwa macho huku anaomba yashindwe! Daktari akafungua ukurasa wa kwanza. Akauliza, "Namba gani hii?" Nikaiona, nikainuka niende zangu. Akasema ile kila mtu huiona, ni ya kujaribia tu. Akafungua wa pili.

Nikatazama. Nukta. Nikasogea. Nukta. Nikamwambia, "Daktari, sioni kitu." Akafungua mwingine. "Sioni." Mwingine. "Hapa je?" "Hapa ndiyo kabisa." Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Daktari akavua miwani yake akaniambia kwa upole, "Mzee, naona kwenye fomu unaendesha kreni. Umenielewa ninachokwambia? Hutaendesha tena." Nikamwambia nimemwelewa. Akasema, "Mbona basi unafurahi?" Nikamwambia, "Nimepata mtoto." Akanitazama na umri wangu huu, akanipa pole na hongera kwa pamoja.

Mama yako nimemwandikia barua yake peke yake, ndefu kuliko hii, na humo usichungulie. Nilimhesabia miezi, Chiriku. Yeye hakuwahi kunihesabia chochote. Sijui kama atanisamehe upesi, na sitamharakisha.

Mwalimu wako mwambie hivi kutoka kwangu: nilimkasirikia, sasa sina hasira. Kuhama shule tumeghairi. Mtu anayejua kusema "nimekosea" mbele ya darasa zima ni wa kukaa naye. Mwambie pia barua yake nimempa msimamizi aisome, na wameanza kuwapima madereva wote kwa kitabu cha nukta. Mwingine mmoja amekutwa nao. Yeye hakucheka.

Mimi sasa niko chini, nafunga mizigo. Anayenifundisha ni yule yule niliyemvunjia kofia. Nilimwendea nikamweleza yote, tangu soksi zangu za harusi na vichupa vyako vya siki mpaka daktari. Alisikiliza, akaniuliza maswali mengi, mwisho akasema, "Kwa hiyo mimi nusura nife kwa sababu ya soksi?" Tangu hapo ananifundisha kwa ukali wa mtu anayejilipa taratibu. Fundo nikilikosea ananifungulisha lote. Mikono imechubuka, mgongo unaniuma, na madereva vijana wananipungia kutoka juu.

Kile kibanda nakikumbuka, siwezi kukuficha. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, nilikuwa naliona bonde lote kule chini, mto umepinda, miti imeufuata pande zote mbili mpaka inapotelea. Wenzangu waliowahi kupanda walikuwa wakisema, tazama kijani hicho! Nami nilikuwa nasema ndiyo, na nilikuwa nakiona kizuri kweli, ila sasa najua hatukuwa tunaona kitu kimoja. Nimekaa nikawaza ni nani ningempandisha kule aone nilichokuwa nakiona mimi, bila kuelezwa. Nimewapitia watu wote ninaowajua. Uko wewe tu.

Njoo likizo. Na maswali njoo nayo yote.

Ni mimi,
Baba yako